Kezia na Rupia ya Mama Mpawenimana

Kama hujamwona wifi yangu Kezia akinadi jogoo kanisani, basi wewe mnada unausikia tu. Mimi nimekwenda mnada wa ng'ombe Kasulu, nimewasikia madalali wenye vipaza sauti, na nakwambia hakuna hata mmoja anayemfikia. Mwanamke mwenyewe mfupi, magoti mabovu, lakini akimshika jogoo miguu akamwinua juu, hata wanaume waliojibanza nyuma karibu na mlango wanajikuta wamesimama wanataja bei. "Wewe Nestori, usijifanye unasoma Biblia, uko kitabu gani? Funga, taja bei!" Kanisa zima linacheka mpaka mchungaji anajifuta machozi.

Mimi naitwa Ininahazwe. Kwetu ni Kasanda. Nimeolewa hapa Kumsenga, Kibondo, mwaka juzi na Ildefonsi, kaka yake Kezia, mjane kwa mjane, tukafunga ndoa bila mbwembwe. Mdomo wangu hauna breki, hilo waliniambia mapema nyumbani, na Ildefonsi aliambiwa kabla hajatoa hata posa. Kwa hiyo asiseme hakujua.

Mama yao, Mama Mpawenimana, sikumkuta. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaja. Lakini kwa jinsi Kezia anavyomsimulia, mimi naweza kukuambia mpaka alivyokuwa anakohoa. Alitoka Burundi mwaka sabini na mbili, kwa miguu, Ildefonsi akiwa mgongoni bado ananyonya, mume wake ana mkeka kichwani. Walivuka Malagarasi hawana kitu. Ng'ombe walibaki, nyumba ilibaki, wazazi walibaki. Kitu kimoja tu cha kwao kilivuka naye, rupia ya fedha ya Mjerumani aliyopewa na baba yake siku ya kuolewa, ina tundu limetobolewa kwa msumari, ameivaa shingoni kwa uzi, ndani ya nguo. Babu yake ndiye aliyeipata, alibebeshwa mizigo na Wajerumani mpaka bega likavimba, wakamlipa hiyo.

Kezia alizaliwa huku huku. Alilima na mama yake, akaolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake. Mama alipopooza ni Kezia aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha uji, aliyemwosha kama mtoto mchanga, miaka na miaka, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Yule mama hakuomba makubwa. Aliomba jambo moja tu, azikwe na rupia yake. Alikuwa anasema, "Udongo wa kwetu siupati tena. Basi hiki cha kwetu nilale nacho." Kezia alimwahidi, na siku ya msiba akamvalisha mwenyewe kwa mikono yake baada ya kumwosha. Hilo alishanisimulia mara nyingi, na kila akilisimulia uso wake unatulia. Mtu ametimiza neno la mama yake, unafikiri ni jambo dogo?

Sasa mnada wa kanisa letu uko hivi. Baada ya mavuno kila mtu analeta alichonacho, vitu vinawekwa kwenye meza ya mbele vinafunikwa kanga, na hakuna anayejua nani kaleta nini. Kezia anatia mkono chini ya kanga, anatoa kimoja, ananadi. Ukinunua, heshima ni kusema "Irudi!" na kitu kinanadiwa upya. Jogoo mmoja anauzwa mpaka yeye mwenyewe anachoka, halafu mwisho anapewa mchungaji. Anayenunua akaondoka nacho moja kwa moja, huyo watu wanamtazama pembeni.

Mwaka huu nilipeleka mkungu wa ndizi. Halafu nikasema niongeze kitu cha kuchekesha watu, maana Kezia akipata kitu cha ajabu ndiyo anachangamka. Mwaka jana mtu alileta redio bovu, likaleta pesa kuliko mbuzi. Mimi nilikuwa natafuta msumari wa kupigilia mlango wa banda la kuku, nikamwaga kopo la misumari la Ildefonsi, nikakuta sarafu humo, ina mfalme wa Kizungu mwenye kofia iliyokaliwa na ndege. Nikajua ni zile rupia bandia ambazo vijana wanazitembeza mnadani Kasulu, wanawauzia watu wanaoota utajiri. Nikaisugua kwa upande wa kanga, nikaipeleka. Ndivyo ilivyokuwa, haki ya Mungu.

Jumapili ile Kezia alikuwa moto. Alishauza mayai, alishauza maboga, alishamtania mwenye duka Evaristi mpaka amenunua mchicha wake mwenyewe. Akatia mkono chini ya kanga, akatoa sarafu yangu. Mimi tayari nacheka. Nikajua sasa huyu mfalme atatafutiwa mchumba hapa hapa.

"Haya, na hiki..." akainua mkono juu.

Basi. Akanyamaza.

Kezia, akanyamaza! Watu wakadhani ni mbwembwe zake, wakaanza kucheka. Yeye akashusha mkono taratibu, akaisogeza sarafu machoni, akaigeuza, akapitisha ncha ya kidole kwenye tundu.

"Elfu hamsini!" Sauti ilitoka benchi la wazee wa kanisa. Nikageuka. Mume wangu!

Jamani, nilipigwa na butwaa. Huyu Ildefonsi ambaye akinunua jogoo anatoka jasho mpaka shati linalowa! Evaristi naye, kwa kuona mzee wa kanisa kapanda namna ile, akajua lazima kitu kina thamani, akasema sabini. Ildefonsi akasema laki. Evaristi akaongeza. Ildefonsi akasema laki na nusu, kwa hasira, kama mtu anayegombana. Evaristi akaketi. Mume wangu akatoka mbele, akaichukua ile sarafu kwenye mkono wa dada yake, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Irudi! Irudi!" watu wakapiga makofi.

Hakuirudisha. Mzee wa kanisa mzima! Akageuka kurudi kwenye benchi, na hapo ndipo Kezia akamwita mama kwa Kiha, ukelele ambao mpaka leo ninausikia.

"Mawe we! Hiyo tulimzika nayo mama!"

Wamama walishika vichwa. Mtoto mmoja akaanza kulia bila kujua analilia nini. Mimi nikakaa chini bila kuangalia kama benchi lipo.

Ildefonsi akajikaza. "Kezia, tulia. Rupia hizi ziko tele. Vijana wanazitengeneza, wanazitoboa wenyewe zionekane za zamani. Hii ni bandia. Ningekuwa najua utaumia nisingeinunua." Na watu wakaitikia, kweli, kweli ziko tele, hata Evaristi alishauziwa moja akalia wiki nzima.

Kezia akanyoosha mkono. "Kama ni bandia, basi mama yangu amelala salama, nami nitakuomba radhi mbele ya kanisa. Kama ni ya kweli, kuna mtu amemfukua mama yangu. Nipe. Kesho naipeleka kwa Abbasi." Abbasi ni sonara wa Kasulu, kila mwenye rupia yake huku Kigoma anaishia kwake. Ildefonsi alisita, lakini kanisa zima linamtazama. Akampa.

Jioni nilimbana mume wangu jikoni. Nikamwambia ile sarafu nimeitoa mimi, kwenye kopo lako la misumari. Umeipata wapi?

Alinitazama kama niliyemmwagia maji. Kisha akasema aliinunua zamani kwa vijana wa mnadani, ikawa bandia, akaitupa huko. "Na laki na nusu ya nini kwa bandia yako mwenyewe?" Akasema alimwona dada yake uso umebadilika, akataka kuiondoa haraka asije akaumia. Akaniomba nisimwambie Kezia ilikotoka, maana atawaza mambo. Nikajiambia, yawezekana. Mwanaume anampenda dada yake, anaweza kufanya ujinga wa namna hiyo. Nilitaka kuamini. Tangu saa ile na mimi nikawa naomba kama Kezia, Mungu wangu, iwe bandia. Ikiwa bandia, mume wangu kasema kweli. Ikiwa ya kweli, mimi nimeolewa na nani?

Asubuhi tukapanda gari kwenda Kasulu, sisi watatu. Kezia aliifunga rupia kwenye pindo la kitenge, akalishika njia nzima. Gari zima linamjua, kondakta akamchokoza, "Mama mnada, leo unauza nini?" Hakugeuka hata. Mimi nilimfinya Ildefonsi paja mara kadhaa, yeye anatazama tu nje migomba inavyopita.

Duka la Abbasi liko nyuma ya soko, dogo, meza moja na taa. Mzee mwenyewe kofia nyeupe, mpole, kwao Ujiji. Akatukaribisha, akatuulizia mvua za Kibondo, akatuagizia chai. Kezia hakuwa na habari na chai. Akafungua pindo.

"Baba, nakuomba uniambie kuwa hii ni bandia."

Abbasi akacheka kidogo. "Mama, wote wanaokuja hapa wananililia niseme ni ya kweli. Wewe wa kwanza." Kisha akaona macho yake, akaacha kucheka, akavuta taa.

Alianza na sumaku. Haikushika. Nikajiambia hiyo si hoja, hata shaba haishikwi na sumaku. Akaiweka kwenye mizani yake ndogo, akaguna. Akaibalansi kwenye ncha ya kidole, akaigonga kidogo kwa kalamu, ikalia mlio mwembamba mrefu. Akatoa nyingine kutoka kwenye droo, akasema hii ni ya vijana wa mnadani, akaigonga, ikatoa "ko" ya kopo. Kezia akafumba macho.

"Angalia ukingo," Abbasi akatuonyesha. "Ya bandia wanaimimina kwenye kalibu, kwa hiyo inabaki na mstari pale kalibu mbili zinapokutana. Wanaufuta kwa tupa, lakini ukiangalia kwa lenzi unauona. Hii yenu haina." Nikaangalia. Nilitaka kuuona mstari ule, nakwambia, nilikodoa mpaka macho yakaniwasha. Haukuwepo.

"Na tundu?" Kezia akauliza. "Vijana si wanatoboa wenyewe?"

"Wanatoboa, ndiyo. Lakini tundu lao linakuwa duara. Hili limeliwa upande wa juu, unaona? Limerefuka kama tone. Uzi ndio umelila, kidogo kidogo, miaka mingi sana. Na upande huu wa nyuma umelainika, huu ulikuwa unagusana na ngozi." Akaigeuza tena, akakunja uso. "Mikwaruzo hii tu ndiyo mipya. Kama ilikaa pamoja na vyuma."

Misumari! Chai ilinikwama kooni, nikakohoa mpaka machozi. Ildefonsi akanipigapiga mgongoni, mkono wake wa baridi kama wa maiti, nikaukwepa.

"Mama," Abbasi akasema taratibu, "siwezi kukudanganya. Rupia hii ni ya kweli. Na kuna mtu aliivaa maisha yake yote."

Kezia hakulia. Aliifunga tena kwenye pindo, akasimama, akasahau kiatu kimoja chini ya meza. Nilimvalisha mimi.

Tulirudi Kumsenga jua bado lipo. Kezia hakuingia hata ndani. Akachukua jembe lililoegeshwa ukutani, akakata moja kwa moja shambani ambako mama yao amezikwa, nasi tukamfuata. Kaburi ni la udongo, lina msalaba wa mti na mawe pembeni. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimelititisha upande wa kichwa. Kila kaburi la udongo linatitia, hilo hata mtoto anajua. Lakini Kezia alipoliona akapiga magoti, yale magoti yake mabovu.

"Si mnaona? Wamefukua upande wa kichwa! Wamemvua mama yangu shingoni!" Akaanza kutoa mawe, moja moja, akiyarusha pembeni. "Labda wamemtupa. Labda hata hayumo. Lazima nimwone. Ildefonsi, lete beleshi, lazima nimwone mama."

Nikamgeukia mume wangu. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atasema. Hakuna mtu anayeweza kufika hapa asiseme.

Akaenda. Akarudi na beleshi. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akatema mate viganjani.

Jamani, jamani! Mimi nimeona mambo. Nimezika mume, nimezika mtoto. Lakini sijawahi kuona mtu yuko tayari kumfukua mama yake mzazi ili tu asifungue mdomo. Beleshi lilipoingia kwenye udongo nilisikia kama limeniingia mimi. Nililirukia, nikaling'ang'ania kwa mikono miwili, tukavutana pale juu ya kaburi kama watoto.

"Kezia, simama!" nikapiga kelele. "Kaburi halijaguswa! Hakuna mtu aliyelifukua! Sarafu nimeileta kanisani mimi, nimeitoa nyumbani kwangu, kwenye kopo la misumari la huyu hapa!"

Kezia akageuka, jiwe bado mkononi. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama yeye. Nilidhani atampiga nalo.

"Ildefonsi," akasema. "Anasema nini wifi?"

Naye, baada ya yote hayo, ndiyo akaanza kusema, huku anatazama viatu vyake. Akasema kulikuwa na watu walikuwa wanatafuta rupia za Mjerumani, wakati ule wa msiba, wanasema ya kweli inanunuliwa kwa mamilioni. Akasema alifikiri, kitu cha thamani namna ile kinakwenda kuoza chini kwa faida ya nani. Akaivua kabla jeneza halijafungwa, akampandishia mama nguo mpaka shingoni watu wasijue. Arobaini ya msiba haijafika, akaipeleka Manyovu, kule mpakani. Wale watu wakamwaga mchele kwenye sahani, wakaweka rupia katikati, wakamwambia ya kweli huvuta punje za mchele kama sumaku. Mchele haukusogea. Wakamcheka, wakamwambia ni bandia, rudi nayo kwenu.

"Mchele?" nikauliza. Sikuamini masikio yangu. "Uliamini mchele?"

"Waliniambia ni bandia," akasema. "Nikaona basi haina maana. Nikaitupa kwenye kopo."

Haina maana! Kitu kilichovuka Malagarasi kifuani kwa mama aliyembeba, akakitupa na misumari iliyopinda kwa sababu mchele haukucheza. Nilitaka kumtukana matusi yote niliyoyajua ya Kiha na ya Kiswahili, yakanikwama yote kwa pamoja. Ningeweza hata kumsamehe kama angesema alitaka kubaki na kitu cha mama yake. Hata hilo hakulisema, maana halikuwepo.

Kezia aliliweka jiwe chini, mahali pake, pembeni ya kaburi. Akachukua na lile jingine, akalirudisha. Nikapiga magoti nikamsaidia. Tulirudisha mawe yote, na Ildefonsi amesimama tu na beleshi lake. Nilidhani Kezia amemaliza, kwamba atainuka aende zake, na mimi ningemfuata huko huko.

Alipoinuka akamkaribia kaka yake. Mwanamke yule ambaye sauti yake inajaza kanisa bila kipaza sauti, ilibidi nisogee ndipo nimsikie.

"Siku ile ya msiba uliniomba nikushikie mlango," akasema, "ili uombe na mama peke yako. Shangazi alitaka kuingia, nikamsukuma mpaka akaanguka. Mchungaji alitaka kuingia, nikamwambia asubiri. Watu walikuwa wamejaa uani, wote nikawafukuza. Niliwaambia, mwacheni, analia na mama yake."